Feni ya Mawese

Nilikuwa naunda ordinatere, kompyuta yangu ya kwanza ya michezo. Karte grafike, ile inayochora picha, nilichagua sokoni Kasongo kwa kusukuma feni ya kila moja na kidole. Zote zilikwaruza. Moja tu ilizunguka kimya, nikaibeba hiyo, mjinga mimi!

Nyumbani nikawasha. Harufu ya kukaanga ikajaa chumba, matone mekundu yakanirukia midomoni, pamoja na mguu wa mende. Ptuu! Muuzaji alikuwa ameipaka mafuta ya mawese, kama mnyororo wa baiskeli.

Nikamurudishia, mikono ikinata. Hakuona haya. Alipitisha kidole kwenye feni, akakilamba polepole.

"Iko mawese muzuri, ndugu," akasema. "Haijachacha."