Turbo ya baba mkwe na maneno ambayo sikumwambia

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, fundi wa magari ya dizeli hapa Itigi, mkoani Singida. Nina mke na watoto wawili. Nimechoka, ndugu zangu. Uchovu wa kazi nimeshauzoea, huu mwingine ndio unanimaliza.

Baba mkwe wangu ni mfuga nyuki. Ana gari la zamani la dizeli, lile la kupita popote, analolitumia kuleta asali na nta kutoka upande wa Rungwa. Gari zima kabisa, ila likibeba mzigo kwenye mchanga linakohoa mpaka unalionea huruma. Mwaka juzi akaniambia, "Mkwe, nasikia kuna kitu cha kuongeza nguvu. Nifungie." Nikamtafutia turbo iliyotumika, nikatoboa sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, nikaunganisha bomba la kurudisha oili, na mbele nikafunga rejeta ndogo ya kupooza hewa. Kazi ya siku tisa. Nilipolijaribu na mzigo wa mawe, lilipanda kama halijabeba kitu. Nilijisikia fundi kwelikweli.

Sasa turbo ina sharti lake. Ikitoka kwenye kazi nzito inakuwa ya moto mno, na kinachoipooza ni oili inayozungushwa na injini. Ukifika, usizime hapohapo. Unaliacha liungurume taratibu dakika mbili tatu. Ukizima ghafla, oili iliyobaki ndani inaungua inakuwa kama masizi, na beringi zinakufa kidogokidogo. Hili namwambia kila mteja kabla hajashika ufunguo.

Siku ya kumkabidhi niliingia na gari uani kwake. Alikuwa amekaa na wazee wenzake watatu. Nikashuka nikaliacha linaunguruma makusudi, ili nianze kumweleza. Nikasema, "Shikamoo baba." Hakuitikia. Akasema, "Unanisalimia huku linanguruma? Zima kwanza, ndipo unisalimie." Ndivyo alivyo, na wazee wengi wa huku ndivyo walivyo. Kumsalimia mtu gari likiwa linawaka ni kama kumwambia una haraka ya kuondoka kwake. Nikazima. Akaitikia marahaba, akaanza kunisifia mbele ya wenzake, mkwe wangu huyu ana mikono ya dhahabu. Mimi nikawa nacheka tu. Ningeanzaje kumwambia mkwe wangu, mbele ya watu, kwamba adabu yake inaua gari? Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi. Kila nikimwona anafika mahali na kuzima papo hapo, nasalimia, nanyamaza.

Miezi minane baadaye alienda msibani kijiji cha jirani, amepakia magunia ya mahindi ya rambirambi. Akafika, akazima kama kawaida yake. Gari likakataa kuzima. Turbo ilikuwa imekufa, inamwaga oili ndani ya injini, na injini ikawa inajiendesha kwa oili yake yenyewe. Ufunguo ameushika mkononi, gari linapiga kelele, moshi mweupe umefunika turubai la wafiwa. Watu walikimbia. Lilinguruma mpaka injini ikavunjika. Mzee wa watu alibaki amesimama pale anaomba msamaha kwa kila mtu.

Kikaitishwa kikao cha familia. Kaka wa mke wangu akanikazia macho, "Shemeji, ulimwambia mzee namna ya kulizima?" Niliona jina langu la ufundi linaondoka. Niliona mke wangu ameinamisha kichwa. Nikasema, "Nilimwambia. Mara mbili."

Niliapa moyoni kwamba mzee akibisha nitakubali kosa. Hakubisha. Akasema, "Mkwe wangu hajawahi kunidanganya. Kama anasema aliniambia, basi nimesahau mimi." Kikao kikaisha hivyo. Tukala wali.

Tangu siku ile mzee anaamini akili yake inamtoka. Alikuwa anatunza funguo za stoo ya kikundi chao cha wafuga nyuki, amezirudisha, eti asije akapoteza vitu vya watu. Rungwa haendi tena. Kijana mmoja wa kikundi akija kumuuliza jambo la mizinga, anasema waulizeni wengine, mimi sina uhakika. Amenunua daftari anaandika kila anachoambiwa, mpaka kama ameshakunywa chai. Na huyu mtu hajasahau kitu hata kimoja! Anakumbuka kila mzinga ulipo. Mimi ndiye ninayejua hivyo peke yangu.

Juzi mke wangu alilia jikoni. "Baba Jeni, baba yangu anapotea na bado ana nguvu zake." Anataka tumpeleke Dodoma akapimwe kichwa. Nilimshika bega, nikasema sawa, tutampeleka. Najichukia, nawaambia ukweli.

Nikisema, nimemwaibisha mke wangu kwa ndugu zake, na hapa mjini nani ataniletea gari tena? Nikinyamaza, namzika mzee mzima akiwa anapumua.

Jana asubuhi alinipigia simu. "Mkwe, kuna kingine ulichowahi kuniambia nikasahau? Niambie polepole, daftari ninalo hapa." Nikamjibu hakuna, baba. Akanishukuru.

Nishaurini, ndugu zangu. Mtu anayenishukuru hivi, naanzaje kumwambia?