Msimu Mama Alipokaa Kiti cha Mbele

Mashamba ya miwa yakichomwa huko bara, nyuma ya Durban, upepo hushusha majivu meusi hadi mtaani kwetu Sydenham, yakaangukia nguo zilizoanikwa. Harufu yake ni ya sukari iliyoungulia sufuriani. Majirani huilalamikia. Mimi nikiinusa hurudi kwenye majira ya baridi nilipokuwa na umri wa miaka tisa, nimekaa kiti cha nyuma cha Pijo 404 la baba, na mbele yangu mama anamwambia, “Ongeza kidogo. Hapo hapo. Usibadilishe.” Na baba, mtu asiyependa kuambiwa, anaongeza kidogo.

Baba amezaliwa Durban, katika ukoo wa Waislamu ambao wazee wao walitoka pwani ya Afrika Mashariki zamani sana. Alikuwa akipaka magari rangi katika karakana moja huko Mobeni. Mama alitoka Tanga, akaolewa huku, na kufikia mwaka ule alikuwa ameishi mji huu muda mrefu kuliko baadhi ya waliojiita wenyeji. Nyumbani kwetu hapakuwa na ugomvi wa kupigiana kelele. Palikuwa na kimya. Baba akirudi kazini hula, kisha hutoka kwenda kulifuta gari lake, na mama hubaki na redio yake. Ujumbe ulipita kwangu. “Zuhura, mwambie baba yako chai tayari.” “Mwambie mama yako nakuja.” Nilidhani kila nyumba ina mtoto wa kupeleka maneno chumba hiki na kile.

Mwaka ule baba alialikwa kwenye rali ya magari ya zamani ya jimbo letu. Watu wakisikia rali hudhani ni mbio, lakini ile haikuwa ya mbio. Kila gari hupewa kitabu cha njia kinachosema pa kukata na mwendo wa kushika, na wasimamizi hujificha njiani na saa zao. Ukiwahi unakatwa pointi, ukichelewa unakatwa pointi. Anayeshinda ni aliyekwenda kama alivyoagizwa. Kwa hiyo kila dereva huhitaji msoma njia, na rafiki aliyekuwa akae na baba akapata udhuru. Mama alikuwa akikunja nguo. Akasema bila kugeuka, “Nitakaa mimi. Marehemu baba yangu alikuwa na Pijo kama hilo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea njia mpaka Korogwe.” Baba alimtazama kama mtu aliyegundua chumba kipya katika nyumba yake mwenyewe.

Basi kila Jumapili tukatoka kufanya mazoezi, kupanda Botha's Hill, kupita Cato Ridge, mpaka barabara za mashamba za Eston ambako miwa husimama kama kuta pande zote mbili. Mama alishika saa mkononi na kitabu mapajani, hijabu yake kaifunga vizuri isipeperushwe na upepo wa dirishani. Mwenda pole hajikwai, alipenda kusema, na baba akijibu, “Huyu mwenda pole wako atatuchelewesha,” lakini alikuwa akicheka. Tulisimama pembeni, tukala chapati na viazi, tukanywa chai ya tangawizi kifunikoni mwa chupa. Siku moja baba alisahau kwamba nipo nyuma, akamwita mama kwa jina lake, Salma. Sikuwahi kumsikia akilitaja. Wiki zile zote hakuna aliyenituma neno.

Siku ya rali tulianzia karibu na ufukwe, magari yameng'aa, wanaume wamevaa kofia za mashindano. Mama alikuwa mwanamke pekee mwenye hijabu pale, na alikaa wima kama bibi harusi. Tulipoiacha roboti ya mwisho ya mjini, maana huku ndivyo tunavyoziita taa za barabarani, sauti yake ilitulia, na nusu ya kwanza tuliimaliza vizuri mno. Kwenye mapumziko tuliambiwa tumo miongoni mwa wa juu. Baba alimmiminia mama chai kwa mkono wake.

Kisha tukafika njia panda katikati ya miwa. Mbele yetu magari matatu ya wazoefu yalikata kushoto, vumbi likabaki hewani.

“Kulia, Baba Zuhura,” mama alisema.

Baba akapunguza mwendo, akatazama vumbi.

“Kulia. Baada ya tangi la maji ni kulia.”

“Hawa wanaijua nchi hii,” baba akasema. “Wewe mgeni.” Akakata kushoto.

Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Njia ile iliishia kwenye lango la shamba lililofungwa kwa mnyororo, na yale magari matatu yalikuwa yakihangaika kugeuza. Mama alitazama saa, kisha akaizima. Jioni, mwisho wa safari, dereva wa gari lingine alimuuliza baba kwa utani ni nani aliyetupoteza, maana tulikuwa tumeanza vizuri. Baba akacheka na wenzake, akamwelekezea mama kidole. “Amechanganya kulia na kushoto,” akasema. Wanaume wakacheka zaidi. Mama aliingia garini, akakaa nyuma, pamoja nami.

Hakukaa mbele tena. Jumapili zikarudi kuwa za redio, na mimi nikarudi kupeleka maneno. Mwaka uliofuata alikwenda Tanga kwenye harusi ya mdogo wake. Akanipigia simu kwamba atakaa kidogo, nami nimalize shule. Kidogo kile hakijaisha. Pijo baba aliliuza, na kijana aliyelinunua akalipaka rangi nyingine.

Sasa nafanya kazi katika ofisi ya meli bandarini, na baba ni mzee wa magoti mabovu. Mwezi uliopita nilikuwa nikimpeleka kliniki, tumekwama nyuma ya malori ya makontena, simu yangu ikituelekeza njia ambayo sote tunaijua. Akasema ghafla, “Siku ile mama yako alisema kulia.”

“Najua, Baba. Nilikuwepo.”

“Nilimsikia,” akasema. “Mara zote mbili.”

Nilipofika nyumbani nilimpigia mama, ambaye ana mume mwingine na duka la vitambaa. Nikamweleza. “Angeniambia jioni ile ile,” akasema, “hata jikoni, bila mtu kusikia, nisingeondoka.” Kisha akaniuliza hali ya wanangu.

Magari ya zamani bado hutoka kila mwaka kwenda bara. Barabara zimepanuliwa, simu inajua kila kona, na katika gari langu hakuna anayehitaji kumwamini aliyeketi pembeni yake. Baba, kila nikienda kumwona, huniuliza kama nimeongea na mama na kama alisema lolote. Lile la jikoni simwambii; namwambia, “Amekusalimu.” Huitikia salamu hiyo kwa adabu, kikamilifu, kama vile mama mwenyewe amesimama mlangoni.