Anayeleta Dawa Aonje Kwanza

Wanaosema mji wetu wa Baraka hauna madaktari hawajawahi kuwa na mgonjwa kwetu. Siku mpwa wangu alipoanguka mara ya kwanza, akakakamaa na kutoa povu mbele ya jiko la dada yangu, madaktari walikuwa wamejaa uani kabla mtoto hajafumbua macho. Daktari mkuu alikuwa shangazi yangu. Msaidizi wake alikuwa mjomba wangu wa Mboko, ambaye kazi yake nyingine ni kutengeneza nyavu.

Muuguzi wa hospitali ya Nundu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amesoma, alisema ni kifafa. Akatoa vidonge vidogo vyeupe: mtoto ameze kila siku, asiruke, na huenda atameza kwa miaka mingi. Hapo ndipo alipowaudhi. Dawa gani hiyo isiyoisha? Dawa inayojiheshimu unakunywa, unatapika, unapona.

Dada akaficha vidonge ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kabati, akawa anampa mtoto kimoja kila siku kwa siri, na matibabu ya kweli yakaanza.

Shangazi alitibu kwa simu. Sauti zilimfikia kwa WhatsApp kutoka Bujumbura, kutoka Kalemie, na kutoka kwa mama mmoja wa Ulaya ambaye hakuwahi kusema ni Ulaya ya wapi. Mtoto akafukizwa majani chini ya blanketi. Akapakwa kichwani nyongo ya mbuzi iliyochanganywa na mawese, akaenda shule akinuka kama karamu iliyosahauliwa. Alipoendelea vizuri, sifa zilikwenda kwa mbuzi. Kopo la chai halikutajwa.

Kisha mjomba akaleta maji ya maombi, yenye wivu mkubwa: hayakutaka kuchanganywa na kidonge chochote. Dada alikuwa amechoka kubishana. Akaacha vidonge.

Mtoto akaanguka ziwani, akichota maji. Wanawake waliokuwa wanaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, ndio waliomtoa, midomo imekuwa ya buluu.

“Shetani iko inatoka,” mjomba akawafariji. “Ndio maana inapiga fujo.”

Nilikuta habari hiyo nikirudi kutoka Misisi, nilikokwenda kuona tu dhahabu inachimbwa vipi. Shule niliiacha mapema, udadisi nikabaki nao. Nikamuuliza mjomba shetani anapotoka hupitia wapi. Akaniambia mtu asiye na makao hawezi kuelewa mambo ya nyumba.

Jumapili moja alirudi na bidoni, dumu la maji ya mizizi iliyochemshwa, meusi, yenye harufu ya tairi linaloungua. Shangazi alikuwepo, simu mkononi. Koko, bibi yetu aliyemzaa mjomba huyo, alikuwa mkekani akichambua sombe, majani ya muhogo, na kwa miezi yote ile hakuwa ametoa ushauri. Mjomba alipomimina kikombe na kumwita mtoto, Koko akasema bila kuinua macho:

“Onja.”

Kwetu anayemimina kinywaji huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Hata kasiksi, pombe ya harusi, haivuki mkono bila hivyo. Ila hakuna aliyewahi kufikiri kwamba desturi hiyo inaweza kufuata dawa hadi ndani ya familia.

“Mama, mi siko mugonjwa.”

“Na ku harusi, banakunywaka ni bagonjwa? Onja.”

Mjomba akagusa kikombe kwa mdomo.

“Mutoto ulimupimia kikombe kizima,” alisema Koko. “Maliza.”

Alimaliza. Tulikuwa bado tunazungumza habari za ndagala alipoinuka ghafla, akauliza choo kiko upande gani. Choo alichokichimba yeye mwenyewe.

Shangazi hakukubali kushindwa. “Sawa, Mama. Na bile bidonge bya Nundu? Nani atabionja?”

Dada akanyoosha mkono kwenye kopo, lakini mtoto alikuwa amekwisha kupanda kiti.

“Mimi,” alisema. “Mi ndio naonjaka. Ile ya mbuzi, ile ya moshi, ile mayi ya mjomba. Yote mi ndio nilionja. Hakuna mutu aliniuliza.”

Simu ya shangazi ililia. Hakuipokea.

“Basi tunakuuliza,” alisema Koko.

“Nikikunywa ibi bidonge, siangukaka.”

Akameza kimoja mbele yetu, kwa maji ya mtungini. Koko akaamuru kopo lishuke kabatini, liwekwe mahali ambapo mtoto atalifikia bila kiti.

Huko nje mjomba alikuwa anaita kwa sauti nyembamba: “Munileteye mayi! Batoto, mayi!”

Dada alikwenda hadi mlangoni, taratibu sana.

“Mayi gani, mjomba? Ya ziwa ao ya maombi?”