Ndama Bado Analala Ndani

Tangu mwanawe Herman amjengee nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji, Bernadina hakuwahi kulala usingizi wa maana. Watu wa kijiji chao cha Daudi, huko Mbulu, walimsifia, wakasema mama huyu kapata mtoto. Kapata, ndiyo. Lakini nyumba ya zamani, ile ya udongo, ilikuwa na zizi la ndama humo humo ndani, na ndama akihema usiku unajua hauko peke yako. Herman alimtoa akampeleka banda la nje. Ng'ombe kulala na watu, alisema, ni ushamba. Mama alipomkumbusha kwamba pale kando ya boriti za zizi ndipo alipokuwa akilala mdogo wake, Gervasi, Herman akamjibu, "Asiyekuwepo na lake halipo, mama." Neno hilo lilimuuma kuliko baridi ya Julai.

Gervasi alikuwa amekwenda Arusha kutafuta kazi. Mwanzoni alipiga simu, akasimulia mazuri matupu. Baadaye namba ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Majirani wakaacha kumuulizia, eti kwa heshima, kama wanavyoacha kumtaja marehemu. Heshima gani hiyo, hebu niambieni?

Basi Oliva, jirani wa Bernadina, akaenda Arusha kutibiwa macho, akarudi na picha kwenye simu. Ulikuwa ukuta mrefu karibu na soko. Msanii amechora hapo watu wanaolala barazani, kila mmoja kwa ukubwa wake halisi, ili wenye nyumba wakipita waone haya. Oliva alikuwa akionyesha tu maajabu ya mjini. Bernadina akamnyang'anya simu. Mmoja wa waliochorwa amejifunika kichwa, uso hauonekani, mkono mmoja kaurudisha nyuma ya mgongo, kiganja wazi. Oliva akaeleza kwamba watu wa kule wanasema huyo anaomba hata usingizini.

Kuomba! Mtoto wa Bernadina alilala hivyo tangu akiwa mdogo, mgongo kwa ndama, mkono nyuma, akipapasa kujua kama bado yupo.

Alifunga safari bila kumuaga Herman. Ukuta akaupata, na mwanawe akampata, kalala pale katika rangi. Chini yake, barazani, hapakuwa na mtu. Pamefagiliwa, pamepangwa maua kwenye vyungu. Wapita njia walipiga picha, wakaenda zao. Bernadina akaweka mkono wake kwenye kile kiganja, akakuta sementi na vumbi. Alilia mchana kweupe katikati ya watu, na hakuna aliyesimama.

Mlinzi wa duka la jirani ndiye aliyemwamkia shikamoo na kumletea kigoda. Akamweleza bila kumficha. Waliochorwa walikuwa wakilala pale kweli, na huyo wa mkono alikuwa mtu mpole, wenzake walimwita Mmbulu. Ila wakubwa walipokaribia kuja kuzindua mchoro, wote wakafukuzwa ili pawe pasafi. Walikoelekea hakujui. Wameweka picha, wamefukuza wenyewe; mjini nako kuna akili zake, jamani.

Mlinzi akaongeza kwamba huwa wanarejea mmoja mmoja, hata kupita tu. "Akitokea nimwambie nini, mama?"

Bernadina akafikiri. Nyumba ya bati? Mtoto hataijua. Kwamba mama yake analia? Aibu itazidi kumkimbiza.

"Mwambie ndama bado analala ndani," akasema.

Ulikuwa uongo, na aliubeba njia nzima ya kurudi Daudi. Alipofika hakuvua hata viatu. Alikwenda bandani, akamfungua ndama, akamvuta hadi sebuleni, juu ya saruji ya Herman, akamtandazia majani makavu. Herman akaja mbio, akafoka, akauliza watu watasemaje. Mama akamwambia waache waseme, midomo ni yao. Herman akaondoka bila kuaga.

Nyumba ikabaki kimya, ndama tu akihema. Bernadina akatoa ngozi ya zamani, ya kumtosha mtu mmoja, akaitandika ubavuni mwa ndama. Kisha akaingia chumbani kulala peke yake, na mlango wa mbele hakuufunga.