Okidi ya Mama Ilipopukutisha Majani

Mama alipokuja kukaa kwangu Buswelu baada ya baba kufariki, alishuka garini na begi moja na kipande cha tawi kilichoviringishwa kwenye kanga. Tawi hilo lilikuwa limeng'ang'aniwa na okidi, ile ya maua ya njano yenye madoa. Baba aliitoa porini zamani, akaifunga kwenye mti wa nyumbani kwetu, ng'ambo ya Busisi. Mama alikuwa ameikata pamoja na tawi lake.

"Hii ikishika hapa, na mimi nitashika," aliniambia. "Ikifa, mnirudishe kwangu."

Kwake hakukuwa na mtu tena, na presha yake ilikuwa inapanda na kushuka inavyotaka. Niliogopa sana.

Kiangazi kikaingia. Majani yakageuka njano, yakaanza kuanguka moja moja. Mimi ni mtoto wa wafugaji, na kwetu chochote kinachodhoofika shambani hupewa samadi. Nikaenda kwa jirani mwenye ng'ombe, nikajaza ndoo, nikalifukia tawi humo mpaka nusu na kulimwagilia asubuhi na jioni. Majani yakazidi kuanguka, vikabaki vijiti vitupu.

"Imekufa hiyo," mama alisema kila tukikaa kula. "Mnasubiri nini?"

Begi lake lilikaa nyuma ya mlango, na nguo alizitolea humo humo. Begi lile lilinikera, na mama mwenyewe alinikera, nisiwe mnafiki. Angalau angesubiri mvua.

Siku moja umeme ulikatika kiwandani Nyakato ninapofanya kazi, tukaruhusiwa kurudi mapema. Nikakuta geti liko wazi, nikazunguka nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, tawi likiwa mapajani. Alikuwa anakwangua samadi yangu kwa kijiko na kukata mizizi iliyooza kwa wembe. Aliisemesha okidi kwa Kisukuma, kwa sauti ile aliyokuwa akiwabembelezea ndama wagonjwa.

"Huyu mwanangu atakuua kwa huruma," alikuwa anaiambia. "Wewe umezoea umande tu. Shika basi. Nimechoka kuishi kwenye begi."

Nikarudi kinyumenyume mpaka getini. Nikakohoa, nikalibamiza geti, nikasubiri kidogo ndipo nikaingia. Tawi lilikuwa tayari linaning'inia chini ya ukingo wa bati, na mama anachambua mchicha kama vile hajainuka tangu asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lile tawi nimelitoa, lilikuwa linanuka. Imekufa ile."

"Basi nitaitupa."

"Nani amekwambia uitupe?"

Kuanzia hapo sikuigusa tena, na samadi nikairudisha kwa jirani. Mama aliendelea kutangaza msiba mezani, mimi nikiitikia kwa kichwa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, chipukizi likatokeza chini ya kijiti kimoja, la kijani kibichi, dogo kama ukucha wa mtoto. Nililiona asubuhi nikitoka kwenda kazini. Mama alikuwa anafagia uwanja, akajifanya hajaona ninachotazama.

Jioni niliporudi nilikuta begi limeanikwa kwenye kamba, tupu, zipu wazi, linachuruzika maji. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikalia.

"Usiliguse," mama akasema kutoka jikoni. "Halijakauka."