Bunduki ya Upepo Tuliyoinunua Tunduma

Mwezi uliopita nilikwenda kwetu Ihanda kuzika, na wakati wa kurudi nikapita Chapwa kumwona mpwa wangu. Nilimkuta ameinamia simu, anachagua bunduki ya upepo ya kufukuzia ndege kwenye shamba lake la mpunga. Kioo kizima kilikuwa kimejaa herufi na namba.

"Shangazi, hivi hizi namba zina maana gani? Nichukue yenye namba kubwa?"

Nilimwambia nimechoka na safari, nitamweleza kesho. Ni kweli nilikuwa nimechoka, ila safari ilikuwa na sehemu ndogo tu katika uchovu ule. Ngoja nikueleze wewe kwanza, maana yeye ana haraka, na wewe naona umekaa.

Nililelewa na bibi mzaa mama. Wakati ninaousema tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara, shule hapa, ofisi ya kijiji pale, bomba la maji ambalo siku nyingi lilikohoa tu bila kutoa kitu. Watu tulihama, mashamba hayakuhama. Shamba la bibi lilibaki kule mahameni, mwendo wa saa nzima na zaidi, mahindi na ulezi na vikahawa vichache. Tulipoondoka kule, ngedere wakaingia. Walikuwa kama watu waliopewa eneo.

Kwa hiyo mimi na bibi kazi yetu ilikuwa kuamia, kulinda mazao yasiliwe. Tulipanda dungu, kichanja chetu cha miti, alfajiri, tunapiga debe, tunapiga kelele, tunarusha mawe kwa kombeo mpaka bega linawaka. Mchana tunakula viazi vitamu vya kuchoma na togwa ya kwenye kibuyu. Bado nasikia harufu ya majani mabichi ya mahindi yakipata jua baada ya mvua. Wengine husema harufu hiyo ni tamu. Mimi inanichosha mpaka leo, kwa sababu kila siku niliyoinusa ilikuwa siku ambayo sikwenda shule.

Nilikuwa darasa la saba. Mwalimu wangu alikuja shambani na baiskeli yake, suruali imefungwa kwa pini isishike mnyororo, akasimama chini ya dungu.

"Mama, mtoto huyu akiendelea kukosa, mtihani hataufanya. Nasema kwa heshima."

Bibi akamjibu kutoka juu, "Sasa mwalimu, niwaambie ngedere nao waje shule?"

Mwalimu alicheka, bibi hakucheka. Jioni ile alikwenda kwa jirani yetu aliyepakana naye shamba, akarudi na wazo. Kuna mfanyabiashara Tunduma, jirani alisema, mzee mmoja Mwislamu wa kutoka Tanga, anauza bunduki za upepo. Mwenye nayo anaweza kulinda shamba peke yake. Bibi alizunguka wiki mbili kutafuta kibali, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa bwana shamba, kituoni kwa polisi, mpaka karatasi ikajaa mihuri. Akauza ndama wake. Tukapanda lori la kahawa.

Tunduma ya siku zile ilikuwa vumbi, dizeli na lugha nyingi. Wazambia walikuwa wakivuka na mabunda yao vichwani, Kibemba huku, Kiswahili kule, Kinyamwanga katikati. Bibi alinishika mkono muda wote kana kwamba mimi ndiye nitakayepotea. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na sokoni tu. Mambo mengine yote yalipita kwangu. Mtu akisema, mimi namgeuzia kwa Kinyiha, lugha yetu. Karatasi ikija, mimi naisoma. Nilikuwa najivunia sana kazi hiyo.

Mwenye duka alikuwa mzee mwembamba, kofia nyeupe, sauti ya taratibu. Alituketisha kwenye benchi, akaagiza chai ya rangi na maandazi, akasoma kibali chetu hadi muhuri wa mwisho. Kisha akaingia ndani akatoka na bunduki mbili.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, nzito, kitako kimekwaruzwa. Ya pili ilikuwa fupi, nyepesi, mbao yake inang'aa kama kabati jipya. Nilizipenda namba kabla ya kitu kingine. Ile ndefu ilichorwa 35, na pembeni 22. Ile fupi ilichorwa 60, na pembeni 177. Bibi aliponiuliza zimeandikwaje, sikungoja.

"Hii ndogo ndiyo kali, bibi. Sitini inazidi thelathini na tano. Mia moja sabini na saba inaizidi ishirini na mbili mbali kabisa."

Nilisema kwa Kinyiha, lakini namba nilizitaja kwa Kiswahili, na mwenye duka akazisikia. Akatikisa kichwa.

"Hapana, binti. Zisikubabaishe hizo. Thelathini na tano na sitini ni majina tu ya kiwandani, kama namba ya gari. Gari namba kubwa halikimbii zaidi. Na hizi nyingine ni unene wa risasi. Tazama vizuri, mbele yake kuna nukta. Nukta mia moja sabini na saba ni risasi nyembamba. Nukta ishirini na mbili ndiyo nene. Halafu nguvu haipo kwenye namba, ipo kwenye springi humu ndani. Hii fupi ni ya kulengea makopo. Kwa ngedere, mwambie bibi achukue hii mbaya mbaya."

Niliinama kutazama. Nukta ilikuwepo, ndogo kama kinyesi cha nzi, imejaa mafuta. Na mimi desimali nilikuwa nazijua. Mwalimu alishatufundisha, nilipata zote.

"Anasemaje?" bibi akauliza.

Nimefikiri sana juu ya muda ule, na bado sina maelezo ya maana. Nilikuwa nimeshasema kwa sauti kubwa. Wateja wawili walikuwa wananitazama. Bibi alikuwa amekaa wima, kilemba kipya kichwani, uso umejaa fahari juu yangu.

"Anasema zote nzuri," nikamwambia. "Ila hii ndefu anataka kuiondoa kwa sababu ni ya zamani."

Bibi akainyoshea kidole ile fupi. Mwenye duka alinitazama mimi, akamtazama bibi, akasema tena, polepole, kwa Kiswahili chepesi, "Mama, hii, ngedere, hapana." Bibi akatabasamu kama mtu anayemshika mwizi. Tukaondoka na ile fupi.

Wiki ya kwanza ilitosha. Bibi alijifunza kulenga haraka kuliko nilivyotarajia. Alipiga kopo, akapiga gunzi, akapiga tawi alilolitaka. Siku kundi la ngedere lilipokuja, alimpiga dume lao pajani, nikaona kwa macho yangu. Dume lilijikuna. Likatutazama, likaendelea kumenya hindi.

Bibi alishusha bunduki, akakaa kwenye tuta. "Yule mtu wa Tunduma ameniibia," akasema.

Mimi nikaokota jiwe la kombeo. Tukarudi kwenye debe na mayowe, na shule nikaendelea kuikosa. Lakini sasa bibi alikuwa na hadithi ya kusimulia, kisimani, kwenye foleni ya chama cha ushirika, kanisani baada ya ibada: mfanyabiashara wa Tunduma anawauzia wakulima vitu vya kuchezea. Zile zilikuwa siku ambazo neno mlanguzi lilitosha kumpeleka mtu ndani. Duka lingefungwa, bidhaa zingebebwa, na mwenyewe hujui atarudi lini. Hadithi ikafika kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akaita kikao kidogo ofisini, yeye, bibi na jirani, akasema iandikwe barua kituoni.

"Aandike mtoto," akasema. "Ndiye aliyekuwepo, na mwandiko wake mzuri."

Akanisogezea kalamu. Niliandika anwani ya kijiji, kisha ya kituo cha polisi. Niliandika "Yah:" na nikapiga mstari chini yake kama tulivyofundishwa. Hapo mkono ukakataa. Nilimwona yule mzee anasoma mihuri yetu mmoja mmoja, na maandazi yake mezani.

"Hakutuibia," nikasema. "Alisema tuchukue ile nyingine. Mimi sikumwambia bibi."

Nilisema kwa Kiswahili kwanza. Halafu ikabidi niseme tena kwa Kinyiha, na mara ya pili ndiyo iliyoniua, kwa sababu nilikuwa namtazama bibi.

Nilitegemea fimbo. Mwenyekiti alishaanza hata kufoka. Bibi akamzuia kwa mkono, akachukua karatasi ile, akaikunja, akaitia kifuani. Kesho yake asubuhi tulikuwa barabarani tukingoja lori.

Dukani bibi alinisimamisha mbele ya meza. "Mwambie," akasema, "na uyaseme yote."

Niliyasema yote. Mzee alisikiliza akiwa ameshika shanga zake za tasbihi. Bibi akatoa ile barua akampa, ile yenye anwani na mstari mmoja. Mzee alipoielewa, akakaa chini. 

"Nina watoto sita, binti," akasema. Baadaye akatuambia ile ndefu imeshanunuliwa na mtu wa machimbo ya Saza, nyingine hana na hajui kama atapata. Akamfungia bibi kopo la risasi kwenye gazeti, akakataa malipo. Bibi alimshukuru kwa Kiswahili chake mwenyewe. Hakuniomba nimsaidie.

Tulipokaribia nyumbani ndipo bibi akasema, taratibu tu, "Sitasomewa tena."

Juma lililofuata alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima, alichokuwa akikikwepa miaka yote kwa kisingizio cha shamba. Mwalimu aliniambia kwamba bibi alimkatiza kwenye irabu, akamwomba amwonyeshe nukta ni kitu gani. Jirani alikubali waamie kwa zamu, siku yake na siku yetu, na bibi akakataa kunipa zamu hata moja. Mahindi mengi yalikwenda na ngedere. Mwaka ule tulikula mihogo mpaka meno yakachoka. Mimi nilifanya mtihani, nikafaulu, nikapelekwa shule ya bweni mbali.

Siku hizi kule mahameni kuna nyumba za bati, na hoteli inayopiga muziki tangu asubuhi. Nilipokwenda kuzika niliuliza lilipokuwa dungu letu, hakuna aliyejua hata dungu ni nini. Ngedere sikuwaona. Duka la yule mzee na maduka jirani yote ya mstari ule yamekwenda. Pale wanaegesha malori. Bibi alishatangulia siku nyingi. Mambo haya sasa ni mimi tu ninayeyajua, na kuyajua peke yangu kumekuwa mzigo ambao sikutegemea ungekuwa mzito hivi.

Kuna likizo moja niliyorudi nyumbani nikiwa kidato cha pili. Bibi alikuwa amekaa kibarazani na karatasi ya chama cha ushirika mapajani, anaisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Zamani angenitupia mapajani kabla sijatua mzigo. Nilikaa kando yake kwenye mkeka. Alifika kwenye neno moja refu, akakwama. Akarudi mwanzo wa mstari, akaja tena, akakwama palepale. Neno nilikuwa naliona. Hakuniuliza, na mimi sikuthubutu kulitaja. Tulikaa hivyo bega kwa bega, mimi nalijua, yeye analitafuta, mpaka jua likahama ukutani.