Mji wa Nyasi Fupi

Kila mwezi wa Mei, mashine za kukatia majani zinapoanza kunguruma kando ya barabara yetu, harufu mbichi ya nyasi inapanda mpaka dirishani kwangu, nami nafunga dirisha. Najua wengi wanaipenda harufu hiyo. Mimi inanirudisha kwenye kosa nililolifanya nikiwa na miaka tisa: niliangalia filamu ya kejeli nikaichukua kama mafundisho.

Tuliishi Scarborough, huko Canada, ghorofa ya kumi na moja, baba, mama na mimi. Tulikuwa tumetoka Uvira. Baba alifungasha kuku kiwandani, mama alisafisha vyumba kwenye nyumba ya wazee. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kuangalia kanda za video, maana darasani niliogopa kufungua mdomo nikakosea mbele ya watu. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa mbwa. Kanda niliyoipenda kuliko zote niliachiwa na Derek, mtoto wa kwanza kuniita rafiki, siku wazazi wake walipohamia Markham, kwenye nyumba yenye ua na gereji.

Ndani ya filamu ile kijana mmoja anaingia kwenye picha ya kalenda ya zamani, ya miaka ya hamsini, iliyotundikwa jikoni kwa bibi yake. Mle ndani kuna mji ambamo kila siku ni Jumapili. Nyumba zote ni nyeupe. Akina baba wanarudi kwa wakati mmoja, wanatundika kofia, wanasema sentensi ileile, na akina mama wanatoa keki kwenye oveni. Nyasi za kila ua zimekatwa kimo kimoja, kama nywele za askari. Halafu siku moja mama mmoja anasimama jikoni kwake, anaanza kulia, na nyasi za uani kwake zinaanza kukua. Zinafika dirishani, zinapita paa. Wanaume wa mji wanakuja kwa mstari, wamevaa tai, kila mmoja anasukuma mashine yake. Wanakata, zinaota. Mwishowe mji mzima umefunikwa, watu wamejilaza kwenye nyasi, wengine wanacheka, wengine wanalia.

Derek aliponionyesha mara ya kwanza alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Niliona mji mzuri umeharibiwa na mwanamke mmoja aliyeshindwa kujizuia.

Basi nikaanza kazi ya kuitengeneza nyumba yetu. Nilipanga viatu mlangoni kwa ukubwa, na viatu havikuwa vichache, kwa kuwa kwetu hapakukosa wageni. Nilizuia ndagala, dagaa wa kwetu wenye harufu kali, zisikaangwe siku za shule. Jioni moja nilimsubiri baba mlangoni nikamweleza anachopaswa kusema akiingia. Alikuwa na kofia ya sufu iliyojaa theluji na harufu ya kuku iliyomwingia mpaka kwenye mifupa. Akanitazama.

"Nimefika," akasema. "Soksi zimelowa. Hiyo nayo si sentensi?"

Mama alicheka jikoni. Kicheko chake kilisikika mpaka kwa majirani, na mimi niliona haya.

Januari ile, siku ya Ijumaa, simu ilitoka Uvira kwamba bibi, mama yake mama, amefariki. Mama alikuwa mtoto wake wa kwanza. Kwa watu wetu, matanga hukaa kwa mtoto mkubwa: hata kama maiti iko ng'ambo ya bahari, watu wanakuja kwake, wanakaa chini, wanapika, wanalia naye, wanalala hapohapo mpaka moyo urudi mahali pake. Hakuna anayealikwa. Habari ikifika kanisani imefika kwa wote. Usiku ule mama alisukuma sofa ukutani, akatandika mikeka na mablanketi, akatoa sufuria kubwa chini ya kitanda. Kesho yake asubuhi baba alienda zamu ya Jumamosi kwa sababu msimamizi wake alimkatalia ruhusa, na mama akaingia chumbani kupumzika kabla watu hawajafika.

Na mimi nilikuwa nimemwalika Derek Jumamosi hiyohiyo. Mama yake angemleta kwa gari saa tisa mchana. Ingekuwa mara ya kwanza mtoto wa shule kuingia kwetu, na nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu Krismasi.

Nilisimama sebuleni nikaitazama mikeka. Niliwaona akina mama watakavyokaa, vitenge kichwani, wakilia kwa sauti ile inayoanza chini na kupanda kama king'ora. Nilimwona Derek mlangoni. Nikaanza kurudisha sofa polepole, nikiinua miguu yake ili isikwaruze sakafu. Nikakunja mablanketi, pembe juu ya pembe.

Katika jengo letu, mgeni akibonyeza namba ya nyumba kule chini mlangoni, simu ya sebuleni inalia. Unasikiliza ni nani, kisha unabonyeza tisa, mlango unafunguka. Simu ililia. Alikuwa Mama Riziki, mkubwa wa akina mama wa kanisani kwetu, mwanamke ambaye hata sala yake ya kimyakimya ilisikika viti vya nyuma.

"Amani, mwana wangu, pole. Fungula, tunakufa na baridi hapa chini. Tuko na vyakula."

Nyumbani nilizoea kujibu kwa Kiingereza. Siku ile nilijibu kwa Kiswahili, na sijui kama nimewahi tena kusema Kiswahili kilichonyooka namna ile.

"Shikamoo, Mama Riziki. Mama hayupo. Matanga yamehamia Mount Dennis, kwa Mjomba Bahati. Ameomba mwende huko."

"Mount Dennis? Kwa Bahati? Yule kijana hata mwiko hana!"

"Ndiyo, mama. Ndivyo alivyosema."

Nilisikia wakishauriana, vifuniko vya sufuria vikigongana. Mmoja akasema, "Basi namba ngapi inafika huko?" Halafu simu ikakatika.

"Ni nani?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Wale wa kusafisha mazulia," nikasema. Wauzaji hao walipiga simu kila wiki, kwa hiyo uongo huo haukuhitaji akili.

Kundi la pili lilikuja, nikawaelekeza hivyohivyo. La tatu pia. Kila mara niliongeza adabu kidogo. Mama aliuliza tena, "Hao wa mazulia hawapumziki hata Jumamosi?" Kisha, baada ya muda, sauti yake ikiwa imeshuka: "Hakuna mtu wetu aliyepiga, Amani?"

"Hakuna, mama."

Nilisikia kitanda kikilia alipogeuka. Hakulia yeye. Nafikiri alijizuia ili aje alie na watu, kama inavyotakiwa.

Simu ilipolia tena nilikuwa tayari na hotuba yangu. Alikuwa mama yake Derek, akiwa kwao Markham. Alisema theluji imezidi, barabara ni mbaya, hawezi kuthubutu kutoa gari, tupange siku nyingine. Nilimshukuru, nikaweka simu chini, nikakaa kwenye sofa lililonyooka. Theluji iliyomshinda mwenye gari haikuwashinda akina mama wenye masufuria. Walikuwa ndani ya mabasi wakati huo, wakivuka jiji zima, kwa neno langu.

Mama alitoka chumbani. Aliangalia sofa. Aliangalia mablanketi, pembe juu ya pembe. Alikuwa hajasema kitu simu ilipolia tena, na safari hii aliiwahi yeye. Ilikuwa sauti ya Mjomba Bahati, mdogo wake, na hata mimi niliisikia kutoka nilipokaa.

"Dada, uko wapi? Chumba changu kimejaa! Wanasema umewaleta huku. Wamekaa mpaka bafuni!"

Mama alinitazama. Uso wake sikuweza kuusoma, na mimi nilikuwa mtoto aliyejua kusoma nyuso.

"Ndiyo," akasema kwenye simu. "Ni mimi. Tunakuja."

Alinivalisha koti mwenyewe, akanifunga skafu mpaka puani, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Kitenge cha matanga kilichomoza chini ya koti lake na kuburuta kwenye theluji iliyoyeyuka ndani ya basi. Nilikuwa nasubiri kofi. Nililitamani.

Mjomba Bahati aliishi chumba kimoja juu ya kinyozi. Ngazi zilijaa viatu, vimepangwa ovyo, vya kila ukubwa. Mama alipoingia, akina mama walimpokea kwa kilio, wakamkumbatia, wakamkalisha katikati. Ilipopungua, Mama Riziki akafuta uso akamgeukia.

"Mama Amani, tulifika kwako na vyungu, tukarudishwa mlangoni kama wauza mayai. Kwako siku hizi sisi ni wageni?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wa mama. Nilifungua mdomo. Akanibana vidole, kwa nguvu.

"Mimi ndiye nilimtuma mtoto," akasema. "Nilitaka kukaa peke yangu kidogo."

Kwenye kona mmoja akarudia, "Peke yako? Kwenye matanga ya mama yako?" Mwingine akasema chini ya pumzi, lakini si chini sana, "Canada imeshamwingia." Wakaanza kuimba, lakini nafasi kati ya mama na aliyekaa jirani yake ilikuwa imeongezeka kidogo. Niliiona. Nilikuwa mtoto wa kuona vitu vilivyopinda.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ningesema, ila yeye alinibana mkono. Ukweli ni kwamba vidole vyake viliponibana nilishusha pumzi. Nilishukuru.

Baada ya hapo walimpa jina: Madame Kimya. Alipofanyiwa upasuaji kiangazi kile, mlangoni kwetu palikuwa na viatu vichache sana, na niliweza kuvipanga kwa dakika moja. Nyumba ilikuwa safi. Hakuna aliyecheka mpaka kwa majirani. Nilikuwa nimeupata mji wangu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo niliiona tena filamu ile, kwenye ukumbi uliojaa watu. Wanaume wenye tai walipojipanga na mashine zao, ukumbi mzima ulicheka, na mimi masikio yakaniwaka moto. Nilijitafuta kwenye picha ile na sikupata shida kujiona: nilikuwa kwenye mstari, tai shingoni, nasukuma. Yule mama aliyelia jikoni ndiye mtu pekee aliyekuwa hai katika mji ule, na mimi nilikuwa nimemchukia utoto wangu wote.

Nilimpigia mama simu nikitoka ukumbini. Nilimuuliza kwa nini siku ile hakunisema.

"Ulikuwa na miaka tisa," akasema. "Wangekuita mtoto aliyefukuza matanga mpaka siku unaoa. Mimi nilikuwa mtu mzima, niliweza kuibeba."

"Ulilia lini, mama? Kwa ajili ya bibi?"

"Kwenye basi la kurudi," akasema. "Wewe ulikuwa umelala."

Ilinichukua miaka mingine kupata ujasiri wa kumweleza Mama Riziki, kwenye ukumbi wa kanisa, baada ya ibada, mama akiwa amekaa pembeni anakataa kunitazama. Nilisema yote: sofa, Derek, watu wa mazulia. Mama Riziki, mzee sasa, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo sijawahi kuliona tena kwake.

"Mchuzi wa ndagala ulinimwagikia kwenye lile basi," akasema hatimaye. "Viatu vyangu vilinuka mpaka Pasaka." Kisha akamgeukia mama, na sauti yake, kwa mara ya kwanza maishani, ikawa ndogo. "Na wewe ukaniacha nikuite vile miaka yote hii?"

Mama aliinua mabega.

Jumapili iliyofuata Mama Riziki alikuja kwa mama bila kutoa taarifa, na wenzake wawili, na sufuria. Nilikuwepo. Simu ya mlangoni ilipolia, nilibonyeza tisa bila kuuliza ni nani. Ndivyo ninavyofanya siku hizi, kwa mama na kwangu.